Fizi Zisizotoa Damu Zinavyomdanganya Mvuta Vepu

Ugonjwa wa fizi una kengele moja tu ambayo watu wengi wa Dar es Salaam wanaitambua: mate yenye damu asubuhi baada ya kupiga mswaki. Matangazo ya dawa za meno yameihubiri kengele hiyo miaka nenda miaka rudi, na kwa hili hayakukosea. Fizi zikianza kuliwa haziumi. Jino halitoboki, shavu halivimbi, mtu hakeshi kwa maumivu. Damu ndiyo inayomtoa mtu nyumbani kwenda kwa daktari wa kinywa na meno mapema. Bila damu, wengi huenda siku jino linapoanza kucheza.

Sasa mchukue kijana wa Sinza anayevuta vepu, yaani sigara ya kielektroniki, toka anapoamka hadi anapozima taa. Mswaki wake hauna hata doa jekundu. Atakuambia fizi zake ni nzima kuliko za shangazi yake asiyevuta chochote, na ukitazama miswaki yao miwili tu, utamwamini. Hoja yangu ni kwamba mswaki huo si shahidi. Nikotini imeifunga kengele mdomo, na nyuma ya ukimya huo fizi zinaendelea kuliwa.

Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ufizi ni nyama nyembamba iliyojaa vimishipa, kwa hiyo mbano huo unapunguza wekundu, unapunguza uvimbe, na mswaki ukipita hautoki na kitu. Kwa wavuta sigara jambo hili limejulikana kwa miongo mingi: fizi zao hutoa damu kidogo kuliko za mtu asiyevuta mwenye uchafu uleule mdomoni, ilhali mfupa wao umeliwa zaidi. Watafiti waliowapima wavuta vepu wamekuta sura inayofanana na hiyo. Tatizo ni kwamba damu ile ni sehemu ya ulinzi. Chembe nyeupe husafiri ndani yake kwenda kupambana na bakteria ukingoni mwa ufizi, na nikotini, mbali ya kuzipunguzia njia, huzidhoofisha zenyewe. Hudhoofisha pia seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni zinazolifunga jino kwenye taya.

Kinachofichwa ni hiki. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi zao zote zilivimba. Waliporudia mswaki, zilipona kwa takribani wiki moja. Hiyo ni hatua ya kwanza, na mtu anaweza kurudi kutoka hapo. Ukoga, ule utando laini wa bakteria juu ya meno, ukiachwa hunyonya madini ya kwenye mate, unakuwa mgumu kama jiwe, unateremka chini ya ufizi, na mwili katika kupambana nao huanza kuubomoa mfupa wake wenyewe unaoshika jino. Mfupa ukishaondoka haujirudishi. Mtu asiyevuta huonywa na damu angali kwenye hatua ya kwanza. Mvuta vepu anaweza kuuvuka mpaka huo bila kujua kwamba palikuwa na mpaka.

Wauzaji hupenda kuuita moshi wa vepu mvuke, kana kwamba ni maji ya birika. Ndani ya kifaa kuna betri, waya uliosokotwa unaoitwa koili, pamba inayonyonya juisi, na juisi yenyewe, ambayo ni propilini glaikoli, gliserini, nikotini na vionjo. Propilini glaikoli ina tabia ya kuvuta maji kutoka kila inapogusa, na ndiyo maana midomo na ulimi hukauka baada ya pafu chache. Kinywa kilichotulia hutoa kama mililita 0.3 za mate kwa dakika. Yakishuka chini ya 0.1, hicho ni kinywa kikavu kwa vipimo vya daktari. Mate ndiyo yanayosuuza ukoga mchanga na kupunguza makali ya asidi. Kwa joto la Dar, mtu mwenye kinywa kikavu hakimbilii maji. Anakimbilia soda baridi au kinywaji cha kuongeza nguvu, yaani sukari na asidi juu ya meno yasiyo na mate ya kutosha. Kwa uzito wa jambo lenyewe, mazoea haya yanastahili kulaumiwa karibu sawa na vepu.

Vionjo navyo si pambo tu. Jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba mvuke wa juisi zenye ladha tamu uliwafanya bakteria aina ya Streptococcus mutans wang'ang'anie kwenye jino mara 4 zaidi, na ugumu wa gamba la nje la jino ukapungua kwa asilimia 27. Bakteria hao ni wa kutoboa meno zaidi kuliko wa fizi, ila utando unaonata ni tatizo la wote wawili. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, seli za fizi zilizopulizwa mvuke wa vepu zilianza kutoa kemikali za uvimbe, na juisi yenye kionjo ilileta madhara makubwa kuliko isiyo nacho. Kwa hiyo swali la kijana kwamba ladha ya embe ina ubaya gani lina jibu.

Koili nayo ina lake. Juisi ikipungua, au mtu akivuta pafu mfululizo bila kuipa pamba nafasi ya kulowa tena, waya hupata joto kupita kiasi na gliserini huanza kuvunjika. Hapo huzaliwa formaldehaidi na akrolini. Akrolini ndiyo ile inayowasha macho pale mafuta ya chipsi yanapoungua kwenye karai. Ladha ya kuungua kooni ni dalili kwamba pamba imekauka. Kinachofanyika mitaani ni kutikisa kifaa na kuendelea. Kinachotakiwa ni kuacha hapohapo, kubadilisha koili kama kifaa kinaruhusu, au kukitupa.

Twende kwenye namba, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Boksi likiandikwa asilimia 5, maana yake ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita ya juisi. Kifaa cha kutupa chenye mililita 10 kwa nguvu hiyo kimebeba miligramu 500. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita, na tangi lisizidi mililita 2, yaani miligramu 40 kwa jumla. Sigara moja ina takribani miligramu 10 hadi 12 kwenye tumbaku yake, na mvutaji huishia na kama 1 hadi 1.5 mwilini. Usikimbilie kugawa 500 kwa 1.5 na kutangaza kwamba vepu moja ni sawa na pakiti kadhaa. Si nikotini yote ya kifaa inayoingia kwenye damu, na kila mtu huvuta kwa namna yake. Kinachowezekana kuhesabika kwa uhakika ni kasi. Kifaa cha miligramu 500 kikimalizika kwa siku 5, miligramu 100 zimepita kwenye koili kila siku. Koo lilivumiliaje? Ni kwa sababu nikotini ya siku hizi huchanganywa na asidi, mara nyingi ya benzoiki, ikawa laini. Nikotini ya zamani kwa nguvu hiyohiyo ingemfanya mtu akohoe hadi akiweke kifaa chini.

Halafu kuna jambo ambalo naliona zito kuliko dozi yenyewe: vepu haina mwisho. Sigara ina kichungi. Ikifika pale imekwisha, na harufu yake humlazimisha mtu kutoka nje. Vepu huvutwa pafu mbili kwenye foleni ya Ubungo, tatu chooni ofisini, moja kitandani baada ya kupiga mswaki wa usiku. Mishipa ya ufizi haipati saa ndefu ya kufunguka mchana kucha. Sigara huja kama mvua za masika, nzito na zenye vipindi. Vepu ni manyunyu yasiyokatika.

Vipimo kwa watu vinasemaje? Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha mwaka 2020 matokeo ya watu 119. Ugonjwa wa fizi ulikutwa kwa asilimia 72.5 ya wavuta sigara, asilimia 42.5 ya wavuta vepu na asilimia 28.2 ya wasiovuta. Timu hiyo iliporudi kupima watu 84 baada ya miezi 6, kundi lililopoteza zaidi mshiko wa fizi kwa kiwango cha kuhesabika lilikuwa la vepu. Mwaka huohuo wa 2020, Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kiliangalia bakteria wa chini ya ufizi kwa watu 123 ambao hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Utando wa wavuta vepu ulifanana na wa watu wenye ugonjwa mkubwa wa fizi, hata kwa waliovuta chini ya mwaka mmoja, na hata kwa waliotumia juisi isiyo na nikotini. Huu wa Ohio ndio unaonishawishi kuliko yote, kwa sababu unatuonyesha hali ilivyo kabla ya jicho kuona kitu. Pia unaiondolea nguvu hoja ya wale wanaonunua asilimia 0 wakidhani wamemaliza.

Tafiti hizi zina udhaifu wake. Ni za Marekani, kwa watu wachache, na wavuta vepu wengi wa kule walishawahi kuvuta sigara, kwa hiyo sehemu ya madhara inaweza kuwa deni la zamani. Asilimia 42.5 ya New York isichukuliwe na kubandikwa Temeke. Ila mpangilio wa makundi matatu unaeleweka, na unaelekeza wapi pa kusimama katika ubishi maarufu kwamba vepu ni nafuu kuliko sigara. Kwa mzee aliyevuta pakiti kwa siku miaka 20, hoja hiyo ina uzito wake. Kwa binti wa miaka 22 wa Mbezi ambaye hajawahi kushika sigara, kulinganisha na sigara ni kujipimia kwa kibaba cha mwenzake. Kipimo chake ni yule asiyevuta kitu, na kutoka pale amepanda, hajashuka.

Hospitalini nako kuna pengo. Faili huuliza: unavuta sigara? Mvuta vepu hujibu hapana, wala hadanganyi, maana kwake sigara ni sigara. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka uleule ambao mfamasia wa China, Hon Lik, alikuwa anakamilisha kifaa chake cha vepu. Shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, na vepu, isiyo na mkaa wala chungu, ikajikuta na uwanja. Hata mfumo wa kimataifa wa kupanga ugonjwa wa fizi uliochapishwa mwaka 2018 huhesabu sigara kwa siku: chini ya 10 daraja B (ugonjwa wa kasi ya wastani), 10 au zaidi daraja C (wa kasi kubwa). Vepu haina safu yake. Kwa maoni yangu, daktari anayeona mgonjwa mwenye mifuko ya fizi (nafasi zilizofunguka kati ya jino na ufizi) na vepu mfukoni asimweke chini ya daraja B akisubiri mfumo ubadilishwe. Na swali libadilike leo, kwa kalamu tu: unatumia vepu, sigara, shisha, ugoro au kuberi? Asilimia ngapi? Kifaa kimoja kinakwisha kwa siku ngapi? Maswali hayo matatu huchukua nusu dakika.

Kwa kuwa damu haiaminiki, kinachobaki ni kupima. Daktari hutumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na ncha ya mviringo ya nusu milimita. Hukiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi, kwa nguvu ya gramu 20 hadi 25 tu, katika sehemu 6 kuzunguka kila jino. Namba 1 hadi 3 ni za kawaida. Kuanzia 4 kwenda juu, hapo pana mfuko ambao mswaki haufiki. Kosa linalotokea kwa mvuta vepu ni hili: kwa desturi, fizi huhesabiwa nzima kama chini ya asilimia 10 ya sehemu zilizoguswa zimetoa damu. Mvuta vepu anaweza kupata asilimia 8, akaambiwa hongera, huku nyuma ya gego lake kuna milimita 6. Omba usomewe namba, si tathmini ya jumla. Palipo na 5 au zaidi, picha ya eksirei huonyesha mfupa umeshuka kiasi gani. Kwa kawaida ukingo wa mfupa huwa milimita 1 hadi 2 chini ya pale gamba la jino linapoishia.

Huna haja ya kungoja kijiti ili ujishuku. Simama kwenye mwanga wa dirisha, vuta mdomo wa chini, tazama meno ya mbele. Fizi za ugonjwa wa namna hii mara nyingi hupauka na kukakamaa, hazivimbi. Kwa wengi wetu wenye fizi zenye weusi wa asili, rangi haisemi mengi, kwa hiyo angalia umbo: meno yameanza kuonekana marefu kuliko kwenye picha za miaka mitatu iliyopita? Kuna vipembetatu vyeusi vimefunguka katikati ya meno? Nyuzi za nyama ya mishkaki zinanasa mahali ambapo zamani hazikunasa? Maji baridi yanachoma shingo ya jino? Harufu inarudi saa moja baada ya mswaki? Mbili kati ya hizo zinatosha kukupeleka kliniki ya meno ya Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, iliyo karibu nawe.

Matibabu yenyewe si ya kutisha. Ukoga mgumu hukwanguliwa juu na chini ya ufizi, kwa ganzi pale mfuko ulipo mrefu, kisha vipimo hurudiwa baada ya wiki 8 hadi 12. Wasiovuta huona mifuko ikifupika vizuri. Wavuta sigara hufaidika kidogo kuliko wao, na zipo tafiti za wavuta vepu zinazoelekea hukohuko, kwa hiyo anayetibiwa huku anaendelea kuvuta ajue analipia kazi itakayorudiwa. Baada ya hapo usafishaji kila miezi 3 au 4, si mara moja kwa mwaka.

Nyumbani: mswaki laini, ulioinamishwa nyuzi 45 kuelekea ukingo wa ufizi, dakika 2 asubuhi na dakika 2 usiku. Katikati ya meno tumia uzi, au brashi ndogo za katikati kama nafasi zimeshafunguka. Temea povu, usisuuze kwa maji mengi, floraidi ibaki. Baada ya usafi wa usiku, vepu isiguse kinywa hadi asubuhi. Hili peke yake huipa fizi saa saba au nane.

Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari kuhusu vepu kabla ya sindano. Tundu hupona kwa bonge la damu linaloganda ndani yake. Kunyonya kwa nguvu hulitoa, na nikotini hupunguza damu ya kulijenga tena. Matokeo huitwa tundu kavu: maumivu yanayopanda hadi sikioni, kwa kawaida kuanzia siku ya pili hadi ya nne, pale mtu alipodhani amepona. Kaa siku 3 bila pafu hata moja. Wiki ni bora. Mrija wa juisi nao uache.

Wanaopunguza nguvu kutoka asilimia 5 kwenda 2 wajihadhari na mtego mmoja: mwili hudai ulichozoea, na mtu huvuta ndefu zaidi na mara nyingi zaidi bila kujitambua. Andika tarehe kwenye kifaa siku unapokifungua. Kama cha asilimia 5 kilikuwa kinakaa siku 6 na cha asilimia 2 kinakaa siku 2, hujapunguza kitu, umebadilisha boksi.

Na anayeacha kabisa aonywe mapema kuhusu jambo linalowarudisha wengi nyuma. Wiki chache baada ya kuacha, mishipa hufunguka na fizi huanza kutoa damu kuliko wakati wowote alipokuwa anavuta. Kwa wavuta sigara hili limepimwa na kuthibitishwa. Nchini Uingereza mwaka 2016, hata watu 20 waliohama kutoka sigara kwenda vepu kwa wiki 2 walionekana na uvimbe wa fizi zaidi. Inawezekana ni kengele iliyoanza kufunguliwa, inawezekana ni vepu yenyewe inayochokoza, na jaribio la wiki 2 haliwezi kutenganisha. Ila kwa aliyeacha vyote, damu ya mwezi wa kwanza isomwe kama habari iliyochelewa kufika. Asipunguze kupiga mswaki mahali panapotoka damu; hapo ndipo apapige vizuri zaidi, kwa mkono mwepesi, mara mbili kwa siku. Ikiendelea kupita wiki nne, aende akapimwe kwa kile kijiti, na safari hii akijibu kwamba havuti, daktari amuulize aliacha nini na lini.